Moyo hausimami hata kidogo: CT-Scan inaupigaje picha ikatoka imetulia?

#1 Mionzi Salama

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa presha kuna mchangiaji aliandika kwamba CT-Scan ya moyo ni picha kama picha nyingine: unalazwa, unaingizwa kwenye tundu, umetoka. Nimeona jambo hili lipate uzi wake. Mimi ni mteknolojia mionzi, mioyo ya watu ndiyo kazi yangu, na ningependa kueleza kinachofanyika ndani ya ile mashine. Mgonjwa anayekijua anasaidia picha itoke vizuri, asiyekijua anaweza kuiharibu bila kukusudia. Msimamo wangu nautoa mapema: ubora wa picha ya moyo huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla mashine haijaanza kuzunguka, iwe mashine ya bei kubwa au ya kawaida.

Tuanze na eksirei yenyewe. Eksirei ya kifua ni kivuli. Mionzi inatoka upande mmoja, inapenya mwili, inapokelewa upande wa pili, na vyote vilivyokuwa njiani vinalaliana: mbavu, mapafu, moyo, uti wa mgongo. Tangu Wilhelm Röntgen aigundue mionzi hii mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, madaktari walisoma vivuli hivyo kwa zaidi ya miaka 70.

Mmoja wa watu waliotutoa kwenye vivuli na kutufikisha kwenye CT-Scan ni mtu wa bara letu, na inaniuma kwamba hatajwi sana huku kwetu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg, akawa mhadhiri wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ilipungukiwa na mwanafizikia wa kusimamia vyanzo vya mionzi, akaombwa ashike nafasi hiyo kwa muda. (Ni hospitali hiyohiyo ambayo Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, Desemba 1967.) Cormack akaona matibabu ya mionzi yanapangwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, wakati mfupa unazuia mionzi kwa kiasi chake, nyama kwa kiasi chake, na pafu haliizuii sana. Akajiuliza: nikipima mionzi inayopenya kwenye mistari mingi, kutoka pande nyingi, je, naweza kujua kilichomo ndani sehemu kwa sehemu? Akatunga hesabu, akaijaribu kwa silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao, akachapisha mwaka 1963 na 1964.

Karibu hakuna aliyejibu. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala lilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Na hakuwa akijua kwamba Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alishalitatua fumbo lilelile kwa kalamu mwaka 1917.

Huko Uingereza mhandisi wa kampuni ya EMI, Godfrey Hounsfield, alifika hapohapo kwa njia yake bila kujua kazi ya Cormack. Jaribio lake la awali la maabara lilichukua siku 9 kukusanya vipimo, kisha saa 2 na nusu za kompyuta kubwa kutoa picha moja. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Walianza na kichwa, na si kwa bahati. Kichwa unaweza kukifunga kikatulia dakika 5, na mashine ile ilizihitaji. Moyo hauna namna ya kuufunga. Nikitoka zamu nitaendelea na sehemu ya moyo.

#2 Nyali254

Mkuu nimeketi. Sikujua kuna Mwafrika Kusini hapo ndani. Lakini kwa hesabu umepita mbio sana. Kompyuta inapata vivuli tu, si ndiyo? Inajuaje ni kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma?

#3 Ngano za Mchana

Naweka kambi hapa.

#4 Mionzi Salama

Nyali254, swali lako ndilo uti wa mgongo wa uzi huu. Chukua karatasi.

Chora mraba wenye vyumba vinne. Juu andika 1 na 4. Chini andika 6 na 3. Hizo namba ndizo "mwili", kila namba ni kiasi ambacho chumba hicho kinazuia mionzi. Sasa zifiche. Mashine haizioni, inaona jumla tu za kila mstari iliopenya. Ukipiga kwa mlalo unapata 5 juu na 9 chini. Ukipiga kwa wima unapata 7 na 7.

Je, zinatosha? Hapana. Jaribu 2 na 3 juu, 5 na 4 chini. Mlalo 5 na 9, wima 7 na 7. Majibu yaleyale, mwili tofauti kabisa. Kwa hiyo unaongeza pembe: piga kwa mshazari. Mwili wa kwanza unatoa 4 na 10, wa pili unatoa 6 na 8. Hapo sasa umewatenganisha, jibu linabaki moja.

CT-Scan inafanya hivyo kwa vyumba 512 kwa 512 katika kila kipande cha mwili, na kwa mamia ya pembe katika mzunguko mmoja. Haitatui vyumba kimoja kimoja, ingechukua muda mrefu mno. Njia iliyotawala kwa miongo mingi ni hii: kila kivuli kwanza kinachujwa ili kingo zake zikazwe, halafu kinarudishwa na kupakwa juu ya mraba kufuata njia ileile mionzi iliyopita. Vivuli vyote vikisharudishwa, palipo na kitu halisi panajazana, pasipo na kitu panafutana. Kichujio kimojawapo kinachotumika mpaka leo kilichapishwa mwaka 1971 na wanasayansi wa India, Ramachandran na Lakshminarayanan.

Sasa shika ile karatasi tena, maana tunafika kwenye moyo. Umeshapima mlalo na wima: 5, 9, 7, 7. Kabla hujapima mshazari, mwili umesogea: 1 na 4 za juu zimebadilishana nafasi, sasa ni 4 na 1. Unapima mshazari unapata 7 na 7. Peleka namba zote sita kwenye hesabu. Jibu linatoka: 2.5 na 2.5 juu, 4.5 na 4.5 chini.

Hakikisha mwenyewe. Kila jumla inakubali, hakuna hata moja inayogongana na nyingine. Na hakuna hata namba moja kati ya hizo nne iliyowahi kuwepo mwilini.

Hilo ndilo linalofanya kazi hii inihangaishe. Mara nyingi mwendo unaacha dalili: mshipa wa mviringo unatoka na umbo la hilali, au unaota mikia. Lakini wakati mwingine hesabu haisemi chochote, inakukabidhi picha safi ya kitu ambacho hakipo.

#5 Nyali254

Nimeifanya kwa karatasi. 2.5 na 4.5 kweli. Hii imenishtua kidogo, nakubali.

#6 Fundi Tegeta

Mkuu, mimi ni fundi mitambo, nina swali la kifundi. Kama shida ni moyo kusogea wakati mashine inazunguka, si waongeze kasi tu? Mzunguko mmoja siku hizi ni muda gani?

#7 Mionzi Salama

Fundi, kasi wameiongeza sana, mpaka kwenye kona ambayo wewe utaielewa kuliko mimi. Ndani ya lile tundu kuna ringi inayobeba tyubu ya eksirei, ditekta inayopokea mionzi upande wa pili, na vifaa vyake vya umeme, mamia ya kilo. Mashine za moyo za sasa zinaizungusha mara tatu mpaka nne kwa sekunde. Kwa sekunde 0.33 kwa mzunguko, tyubu inavutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi mara 20 ya uzito wake. Ukipunguza muda nusu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Chuma na beringi zina mwisho wake.

Habari njema ni kwamba hesabu haihitaji mzunguko mzima. Mstari unaopita mwilini kutoka kushoto kwenda kulia una habari ileile na unaotoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo nusu mzunguko na kipande kidogo vinatosha. Mashine ya sekunde 0.35 inakupa picha ya takriban milisekunde 175.

Weka hiyo pembeni ya moyo. Mishipa inayolisha misuli ya moyo ina upana wa milimita 2 mpaka 4, na ule wa kulia, ambao ndio mtundu kuliko yote, kuna nyakati unakimbia sentimita kadhaa kwa sekunde. Tuseme 5. Kwa milisekunde 175 umesogea karibu milimita 9, zaidi ya mara mbili ya upana wake.

Watu walijaribu njia nyingine. Kliniki ya Mayo kule Rochester, Minnesota, mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijenga mtambo wenye tyubu 14 za eksirei zilizopangwa kwenye nusu duara, zikiwaka kwa zamu haraka sana ili moyo unaodunda uonekane kwa ujazo wake wote. Ulikuwa mkubwa na wa gharama, ukabaki wa utafiti. Miaka ya 1980 Douglas Boyd na wenzake Marekani wakaondoa kabisa kitu kinachozunguka: miale ya elektroni inapindishwa kwa sumaku na kugonga pete ya chuma iliyomzunguka mgonjwa, kila inapogonga ndipo eksirei inapotoka. Ikatoa picha kwa milisekunde 50 mpaka 100. Mashine hizo ndizo alizotumia Arthur Agatston kupima chokaa kwenye mishipa ya moyo, na alama yake ya mwaka 1990 tunaiandika kwenye ripoti mpaka leo.

Mwaka 2005 ikaja mashine ya tyubu mbili kwenye ringi moja, zikiwa zimepishana karibu nyuzi 90. Kila tyubu inakusanya robo, zikiunganishwa zinatoa nusu mzunguko. Milisekunde 83. Kwa ufundi naiona kuwa hatua kubwa kuliko zote katika safari hii.

Hata hivyo milisekunde 83 hazisimamishi moyo unaokimbia. Lazima uuvizie.

#8 Ngano za Mchana

Endelea mkuu, tupo.

#9 Mionzi Salama

Kuuvizia ndiyo sehemu ninayoipenda.

Moyo haukimbii muda wote. Ukishasukuma damu unalegea, unajaa, halafu kuna kituo kifupi kabla vyumba vya juu vya moyo havijabana tena. Mtu mwenye mapigo 60 kwa dakika ana milisekunde 1,000 kwa kila pigo, na kituo hicho kinaangukia karibu asilimia 70 mpaka 75 ya safari kutoka pigo moja hadi linalofuata. Hapo mishipa inakaribia kutulia. Mapigo yakipanda, muda unaokatwa zaidi ni huu wa kujaa, kwa hiyo kituo kinapungua haraka. Kwenye mapigo 85 kinaweza kisiwepo kabisa, na tunalazimika kuhamia kwenye kituo kingine kifupi zaidi, karibu asilimia 40, moyo ukiwa umemaliza kubana.

Mashine itajuaje moyo umefika wapi? Ndiyo maana tunabandika kifuani waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kwenye skrini kila pigo lina kilele kimoja kirefu chembamba. Mashine inakamata kilele, inahesabu asilimia, na hapo ndipo inapokusanya vivuli.

Tatizo la pili ni urefu. Moyo una sentimita 12 hivi au zaidi kutoka juu hadi chini, na CT-Scan ya slaisi 64 (vipande 64 vya picha kwa mzunguko mmoja) inafunika kama sentimita 4 kwa mara moja. Kwa hiyo unapiga kipande cha juu kwenye pigo moja, kitanda kinasogea, pigo moja linapita bure, unapiga kipande kinachofuata. Moyo mzima unatoka kwenye mapigo matatu au manne yaliyounganishwa. Ni sawa na kumpiga picha Mmasai anayeruka kwenye ngoma, ukawa unabonyeza pale tu anapofika juu kabisa, mruko wa kwanza unachukua kichwa, wa pili kifua, wa tatu miguu, halafu unaunga. Kama anaruka kimo kilekile kila mara, utapata mtu mmoja aliyekamilika. Akibadilisha kimo katikati, kiuno hakitakutana na kifua.

Mashine za slaisi 320, zilizoanza kutoka mwaka 2007, zinafunika sentimita 16 kwa mara moja. Moyo wote, pigo moja. Hapo tatizo la kuunga linaondoka, lakini la milisekunde linabaki.

Niwaonyeshe kuunga kulivyoharibika mara moja mbele yangu. Mzee mmoja, mapigo 58, ametulia vizuri. Katikati ya kipimo likaja pigo la mapema, moyo ukaruka kabla ya zamu yake. Kwenye ECG unakiona kilele kimesogeleana na mwenzake, halafu pengo refu. Picha ilipotoka, mshipa wa kulia ulikuwa umekatika kwa ngazi: nusu ya juu iko hapa, nusu ya chini imehama milimita kadhaa kushoto, na mstari ulionyooka kabisa kati yao. Kwa mtu asiyezoea, pale pamekatika. Bahati tulikuwa tumekusanya data muda wote wa mapigo, si kwenye kituo kimoja tu. Nikarudi kwenye ECG, nikalifuta pigo la mapema, nikaiambia kompyuta ichukue vivuli vya pigo lililofuata. Picha ikajengwa upya kwa vivuli vilevile vilivyokuwa kwenye diski, mzee akiwa ameshavaa shati anasubiri nje. Mshipa ulikuwa mzima, laini, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa kuna bei hapo. Kukusanya muda wote wa mapigo kunampa mgonjwa mionzi mingi zaidi. Kwa njia hiyo, bila kupunguza nguvu ya tyubu, watu walikuwa wakipata milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 10 mpaka 20. Kwa njia ya kuvizia kituo kimoja, ni kama 2 mpaka 5. Kwa mashine za tyubu mbili na mgonjwa mwembamba mwenye mapigo ya chini, inawezekana kushuka chini ya 1. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili tunayopata duniani kwa mwaka ni wastani wa 2.4. Kwa hiyo mgonjwa mwenye mapigo tulivu na ya kufanana anapata faida mara mbili: picha bora na mionzi kidogo.

#10 Mama Zawadi

Habari zenu. Nimesoma yote kwa sababu linanihusu. Mama yangu ameandikiwa CT ya mishipa ya moyo. Ameambiwa ameze kidonge cha kupunguza mapigo usiku na asubuhi, asinywe kahawa wala chai, na siku hiyo atawekewa dawa chini ya ulimi. Anagoma. Anasema moyo wake haujawahi kwenda mbio, kwa nini upunguzwe? Na mimi nina wasiwasi kwa sababu ana pumu.

#11 Mionzi Salama

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pili, la pumu mpigieni daktari aliyeandika kile kidonge leo, kabla hajameza. Baadhi ya dawa za kupunguza mapigo zinaweza kubana kifua kwa mwenye pumu. Zipo nyingine zisizofanya hivyo, na daktari anaweza kubadilisha. Msiamue wenyewe nyumbani kuacha au kumeza.

Kuhusu sababu, mweleze hivi: hakuna anayesema moyo wake ni mgonjwa kwa kwenda mbio. Tunataka ushuke chini ya 60 au 65 kwa saa chache tu ili kile kituo cha kupumzika kirefuke. Kahawa na chai zinaukimbiza. Dawa ya chini ya ulimi inapanua mishipa ya moyo ili ionekane vizuri, inaweza kuleta kichwa kuuma kwa muda mfupi. (Akina baba mnaosoma: dawa hii haichanganywi na vidonge vya nguvu za kiume. Ukiulizwa kama umetumia siku za karibuni, sema ukweli. Ni suala la uhai, na hakuna atakayekucheka.)

Halafu kuna jambo ambalo vituo vingi hawalisemi mapema na linaharibu picha. Dawa ya kontrasti, ile inayofanya mishipa ionekane kwenye picha, ikiingia kwenye mshipa wa mkono, joto linapanda kifuani, linashuka tumboni, na mtu anahisi kabisa kama amejikojolea. Hajajikojolea. Lakini asiyeambiwa anashtuka, na moyo uliokuwa 60 unaruka 80 sekunde ileile tunayopiga. Mwambie mama kuanzia leo kwamba joto litakuja na litaondoka.

La mwisho ni pumzi. Atasikia "vuta pumzi, shika, usipumue." Avute ya kawaida tu, asijaze kifua mpaka ajikaze, kwa sababu kujikaza kunavuruga mapigo na kunapunguza damu inayorudi moyoni. Afanye mazoezi nyumbani ya sekunde 10 mpaka 15 akiwa amelala chali, mikono juu ya kichwa. Mkikaa naye mkafanya wote inakuwa rahisi.

Hakikisheni pia figo zimepimwa, kwa sababu kontrasti inatoka mwilini kupitia huko. Na akiwa na mzio wa kontrasti alishaupata zamani, aseme.

#12 Mama Zawadi

Asante sana kaka yangu. Nimempigia daktari, amebadilisha dawa. Mama ameanza mazoezi ya pumzi, sasa anatulazimisha wote tulale chini.

#13 Daktari Mtarajiwa

Uzi bora. Naongeza kidogo na kuuliza. Kuna faida ya wazi kwa wagonjwa: utafiti wa SCOT-HEART wa Scotland, watu 4,146 wenye maumivu ya kifua, nusu wakaongezewa CT ya mishipa ya moyo juu ya huduma ya kawaida. Baada ya karibu miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo lisiloua walikuwa asilimia 2.3 upande wa CT na 3.9 upande wa pili. Matokeo yalitoka 2018.

Swali langu ni la chumba cha kathlabu, kile ambamo mrija unapitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni. Pale mkono wenye umbo la C unazunguka mgonjwa akiwa mezani, mrija uko ndani ya moyo. Je, picha ya pande tatu inaweza kujengwa palepale?

#14 Mionzi Salama

Daktari, asante kwa SCOT-HEART. Faida kubwa pale ilitokana na watu kuanzishiwa dawa sahihi baada ya uchafu kwenye mishipa kuonekana mapema. Picha peke yake haikumponya mtu.

Swali la kathlabu ndilo gumu kuliko yote humu. Ule mkono hauna kasi ya ringi. Unazunguka kama nyuzi 200 kwa sekunde 5 hivi, na moyo unadunda mara tano au sita ndani ya muda huo. Ukisema unataka vivuli vilivyopigwa moyo ukiwa kwenye kile kituo cha asilimia 75 tu, unabaki na vichache sana, vikiwa vimejikusanya kwenye pembe tano sita zenye mapengo makubwa kati yao. Rudi kwenye karatasi ya vyumba vinne: tunakosa mishazari. Njia ya kuchuja na kurudisha vivuli ikipewa data hiyo inatoa michirizi mitupu.

Hapo ndipo walipoingia watu wa hesabu nyingine. Mwaka 2008 Guang-Hong Chen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha njia ambayo naiona kuwa ya busara sana. Kwanza tumia vivuli vyote vya mzunguko, bila kujali moyo ulikuwa wapi. Unapata picha isiyo na michirizi ila moyo umefifia kwa kutikisika. Mbavu, uti wa mgongo na ini ziko sawa kwa sababu hazikusogea. Halafu iambie kompyuta: nitafutie picha inayokubaliana na hivi vivuli vichache vya asilimia 75, na ambayo tofauti yake na ile ya kwanza iwe chache iwezekanavyo, iwe mahali palipobadilika tu. Kwa kuwa kilichobadilika ni eneo dogo la moyo, namba zinazotafutwa zinapungua, na vivuli vichache vinatosha.

Njia ya pili ni kuukadiria mwendo wenyewe. Unajenga picha chafu za asilimia mbalimbali, unafuatilia kila sehemu ya moyo imehama kutoka wapi kwenda wapi, kisha unaporudisha kila kivuli unakipinda kufuata mwendo huo. Hapo vivuli vyote vinatumika, hakuna kinachotupwa. Ikifanikiwa inapendeza sana. Makadirio ya mwendo yakikosea, mshipa unanyooshwa mahali ambapo haukupaswa kunyooka.

#15 Fundi Tegeta

Hapo mwisho umegusa. Sasa hizi mashine mpya zinazosemwa zina akili mnemba zinasafisha picha, si ndiyo zinamaliza haya yote? Na je, kila mwenye shida ya moyo akimbilie CT?

#16 Mionzi Salama

La pili ni jepesi nianze nalo: hapana. Huku kwetu vijana wengi wenye shida ya moyo wana valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, na valvu inaonekana vizuri kwa eko, yaani ultrasound ya moyo, bila mionzi, bila kontrasti, kwa bei ndogo. Eko inaangalia moyo palepale unavyodunda, haiungi mapigo. CT ina nguvu kwenye mishipa ya moyo, kwenye mshipa mkuu wa damu, kwenye watoto wenye maumbile tata kabla ya upasuaji. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, ule ugonjwa wa vyumba vya juu kutetemeka, lazima tuongee na daktari kwanza, kwa sababu kila pigo lake ni tofauti na jingine na kuunga kunakuwa kazi. Kwa huyo mashine ya pigo moja inasaidia sana.

Akili mnemba ipo kweli. Tangu 2019 mamlaka ya Marekani iliidhinisha njia za kujenga picha zilizofunzwa kwa picha nyingi sana za kiwango cha juu. Zinapunguza chengachenga, na hiyo inaturuhusu kushusha mionzi. Nazitumia na nafurahi nazo. Mwaka 2021 ikaja pia mashine inayohesabu chembe ya mwanga wa eksirei moja moja, na mwonekano wa mishipa yenye chokaa umeboreka waziwazi.

Lakini kumbukeni zile 2.5 na 4.5. Kusafisha chengachenga ni kitu kimoja, na mwendo ni kitu kingine. Programu iliyofunzwa inajua mishipa ya moyo huwa inafananaje, na ikipewa vivuli vya moyo uliosogea inaweza kukuchorea mshipa mzuri wa kawaida, pale ambapo data haikusema hivyo. Kuna zilizofunzwa mahsusi kurekebisha mwendo, na nyingine zinafanya vizuri, ila siwezi kukubali picha moja safi iwe shahidi wa pekee.

Kwa hiyo nikiona sehemu ya mshipa inatia shaka, imebana au imenyooka kupita kawaida, nafungua ECG ya mgonjwa kuona pigo lililotumika pale. Kama data inaruhusu naijenga sehemu hiyo upya kwenye asilimia 40 na asilimia 75, kwa njia ya zamani isiyo na akili mnemba. Mbano wa kweli unabaki mahali pake kwenye zote. Uliozaliwa na mwendo unahama au unapotea. Picha zote tatu zinaenda kwa daktari pamoja na mstari wa ECG, na kwenye maelezo naandika mapigo yalikuwa mangapi na kama pigo lolote lilifutwa.